Kupanda kwa Finley na pop-panki ya Italia hakukuwa bahati nasibu

Mhariri,

Tangu Måneskin wa Roma washinde shindano la nyimbo la Eurovision kule Rotterdam mwezi Mei 2021 kwa pointi 524, kurasa za burudani, za gazeti lako zikiwemo, zimekuwa zikiandika habari za bendi za gitaa za Italia kwa mtindo uleule: vijana wenye sura nzuri, nywele zimesimama, runinga ikawapenda, wakawa nyota. Habari ikiwa fupi zaidi, huongezwa neno "ghafla". Hata kwa Måneskin wenyewe neno hilo halikai. Walianza 2016, wakapiga muziki barabarani Via del Corso, wakashika nafasi ya pili kwenye shindano la runinga la X Factor mwaka 2017, ndipo ikaja Sanremo, tamasha kubwa la nyimbo la Italia, kisha Rotterdam. Lakini barua hii si yao. Ni ya bendi iliyowatangulia kwa zaidi ya miaka kumi, na ambayo ukiifuatilia hatua kwa hatua unaona wazi jinsi pop-panki, yaani panki yenye sauti tamu za pop, inavyopanda nchini humo: Finley, kutoka Legnano.

Legnano ni mji wa viwanda kaskazini-magharibi mwa Milano, kando ya mto Olona. Wanahistoria wanaujua kwa vita vya mwaka 1176, miji ya Lombardia ilipomshinda Kaisari Friedrich Barbarossa. Watu wa gitaa wanaujua kwa ujirani. Vituo viwili tu vya treni kutoka hapo ni Parabiago, walikotoka Punkreas walioanza mwaka 1989, bendi iliyoonyesha kwamba panki ya kasi inaweza kuimbwa kwa Kiitaliano mwanzo hadi mwisho na watu wakaja. Kwa hiyo mwaka 2002, marafiki wanne walipoanza kupiga pamoja, njia ilikuwa imeshakanyagwa. Pedro, yaani Marco Pedretti, aliimba. Ka, yaani Carmine Ruggiero, alishika gitaa. Ste, yaani Stefano Mantegazza, besi. Na Dani, yaani Danilo Calvio, dramu. Jina walilichukua kwa Michael Finley, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Dallas Mavericks.

Waandishi huruka kipindi hiki cha kwanza kwa sababu hakina picha nzuri. Ni kosa, maana humo ndimo bendi inapotengenezwa. Kaskazini mwa Italia kuna vyumba vya mazoezi vinavyokodishwa kwa saa, dramu na amplifaya zimo ndani tayari. Bendi inakuja na magitaa, nyaya, pedali, na mpiga dramu anakuja na snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, na matoazi yake kama anajiheshimu. Parokia nyingi nazo zina chumba ambamo vijana hupiga kelele mpaka padre achoke. Majira ya joto kuna sherehe za vijiji na sherehe za vyama, ambazo zina jukwaa, umeme na fundi wa sauti, na zinahitaji mtu wa kupiga saa moja kabla ya bendi ya dansi ya wazee. Na kuna majengo yaliyotwaliwa na wanaharakati tangu miaka ya 1970, Leoncavallo ya Milano, iliyofungwa 2025, ikiwa ndiyo maarufu zaidi, ambako panki ilikuwa nyumbani. Pop-panki ya mapenzi na shule haikupokelewa vizuri sana huko, tuseme ukweli. Lakini kijana wa Legnano alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Chumba cha mazoezi kina ugonjwa wake, na ndio unaoua bendi nyingi kabla ya onyesho la kwanza. Amplifaya ya gitaa imewekwa sakafuni, inapiga magoti ya mwenyewe, hajisikii, anaongeza. Mpiga dramu anafunikwa, anagonga kwa nguvu zaidi. Mwimbaji, ambaye sauti yake inatoka kwenye spika mbili ndogo ukutani, anapiga ukelele mpaka koo linawaka, na baada ya miezi michache anakuja na sauti ya mkwaruzo anayodhani ni mtindo. Dawa yake ni rahisi: inua amplifaya juu ya kiti au uiinamishe ielekee masikio, panga kila kitu kufuata sauti ya mwimbaji badala ya kufuata snea, na piga wimbo mmoja kwa sauti ya chini kabisa kila siku ya mazoezi. Kosa lililokuwa limefichwa na kelele litajitokeza lenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ugumu mkubwa wa pop-panki ya Italia uko katika silabi, na Finley walipanda kwa sababu waliutatua vizuri kuliko wenzao wengi.

Muziki huu ulikomaa California, katika lugha yenye maneno mafupi, mengi ya silabi moja, yanayofungwa kwa konsonanti. Mwimbaji wa huko akifika mwisho wa mstari anagongomelea silabi moja yenye mkazo juu ya pigo, basi, mstari umefungwa. Kiitaliano hakikubali kirahisi. Karibu kila neno huishia kwa vokali, na mkazo mara nyingi hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili. Ukiweka mkazo juu ya pigo, unabaki na silabi dhaifu inayoning'inia baada yake. Ukiweka silabi ya mwisho juu ya pigo, umelitamka neno kama mgeni na kila Mwitaliano atacheka. Ndiyo maana bendi kadhaa za kizazi hicho ziliamua kuimba Kiingereza. Vanilla Sky wa Roma ni mfano: mwaka 2007 toleo lao la wimbo wa Rihanna, Umbrella, lilisambaa sana kwenye intaneti na likawapa wasikilizaji nje ya nchi. Njia hiyo ina faida zake, lakini haimfikishi mtu kwenye redio ya asubuhi ya Italia.

Anayebaki na lugha yake ana ujanja wa aina chache, na watunzi wazuri huutumia wote kwa zamu. Wakati ujao wa Kiitaliano huishia kwa mkazo: kitenzi chochote kikiwekwa katika nafsi ya kwanza, ya pili au ya tatu umoja, kinafungwa kwa nguvu. Hii ndiyo sababu nyimbo za vijana wa Italia zimejaa ahadi na utabiri. Nusu ya matumaini yale ni sarufi. Kuna pia maneno mafupi kama "mai", "noi", "te", "più", yanayofaa kuziba mwisho wa mstari, na yamechoka kwa kutumiwa. Kuna maneno ya kigeni ya silabi moja. Na kuna njia ya zamani ya kukata vokali ya mwisho, "amor" badala ya "amore", ambayo leo inanuka opera na haifai kabisa kwa kijana mwenye suruali ya kuning'inia.

Chukua jina la singo yao, yaani wimbo uliotolewa peke yake, ya mwaka 2006, Diventerai una star (Utakuwa nyota). Hesabu mizani: di-ven-te-rai-u-na-star. Saba. Mkazo mzito unaanguka mara mbili, kwenye "rai", ambayo ni wakati ujao, na kwenye "star", ambayo ni neno la kuazima. Ujanja mara mbili ndani ya maneno matatu, na mstari unafungwa kwa kishindo kama ulivyofungwa California. Linganisha na singo iliyotangulia, ya mwaka 2005, ambayo pia ni jina la albamu, Tutto è possibile (Kila kitu kinawezekana). Hapo "tutto" na "è" zinameza vokali zao na kuwa kama silabi mbili badala ya tatu, na mkazo wa "possibile" uko silabi ya tatu kutoka mwisho. Silabi mbili nzima zinabaki zikikimbia baada ya pigo. Mstari wa namna hiyo haufungwi; unabidi usukumwe mbele, uanze kabla ya pigo la kwanza, ili mkazo uangukie mahali pake na mkia uingie kwenye nafasi ambayo gitaa limeiacha. Mwandishi akisikiliza kwa sikio hili, hataandika tena kwamba nyimbo hizo "ni nyepesi".

Utaratibu wa kazi yenyewe unajulikana kwa watunzi wa Italia tangu zamani. Kwanza mwimbaji anaimba sauti juu ya gitaa kwa Kiingereza cha uongo, maneno yasiyo na maana yoyote, ila tu yanakaa vizuri mdomoni. (Adriano Celentano alifanya wimbo mzima wa namna hiyo mwaka 1972, akauuza kama ulivyo.) Kisha rekodi ile inasikilizwa na kuhesabiwa silabi, mstari kwa mstari, zenye nguvu zikiwekewa alama. Hicho ndicho kiunzi, nao wanakiita "mascherina". Baada ya hapo ndipo Kiitaliano kinaandikwa ndani ya kiunzi. Anayeanza na shairi kisha akalitafutia muziki, katika aina hii ya muziki, kwa kawaida anapotea, kwa sababu ya kasi.

Hesabu ni hii. Wimbo ukiwa na mapigo 180 kwa dakika, pigo moja ni theluthi ya sekunde. Ukiimba silabi mbili kwa kila pigo, unatema silabi sita kwa sekunde, mwendo wa mtu anayesema haraka. Unawezekana kwenye beti, kwa mistari miwili mitatu, ila pumzi itakwisha na sikio la msikilizaji litakamata nusu. Maneno ya Kiitaliano ni marefu, kwa hiyo kiitikio lazima kiende polepole zaidi ya ngoma: dramu zinakimbia, sauti inatembea, silabi moja kwa pigo, tatu kwa sekunde, na vokali zinanyooshwa. Hapo ndipo lugha inayoishia kwa vokali inalipa deni lake, maana vokali wazi juu ya noti ndefu ni zawadi. Umati wa vijana elfu kadhaa unaweza kuiimba bila kufundishwa. Kiitikio cha Finley kimejengwa hivyo karibu kila mara.

Kuna mtego mmoja mdogo wa studio unaostahili kutajwa. Kiitaliano kina konsonanti zinazokazwa, kama "tt" ya "tutto", ambapo pumzi husimama kidogo kabla ya kuachiliwa. Katika pop-panki sauti ya kiitikio hurekodiwa mara mbili au zaidi na kuwekwa juu ya nyingine. "T" za rekodi mbili zisipogongana pamoja kabisa, unasikia mlio kama wa mtu anayegonga mlango mara mbili. Mwimbaji mwenye uzoefu huimba rekodi ya pili bila kukaza konsonanti, anaziachia vokali tu. Rekodi ya kwanza inabeba maneno, ya pili inabeba unene. Asipofanya hivyo, fundi wa sauti atakaa usiku kucha akikata "t" moja baada ya nyingine.

Tukiwa bado studio: kelele za magitaa nazo zina mpango. Kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, si zile zinazodaiwa na serikali, hapa huwa za noti mbili, ya msingi na ya tano yake, pengine ya msingi ikarudiwa oktava juu. Noti ya tatu, ambayo ndiyo huamua kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, inaachwa makusudi kwa sababu distoshini, ule mkwaruzo unaotiwa kwenye sauti ya gitaa, inaichafua. Kazi ya kutia furaha au huzuni anaachiwa mwimbaji, na ndiyo maana sauti ya mwimbaji ikikosewa hakuna kinachoweza kuuokoa wimbo. Kwenye beti mpigaji anaziba nyuzi kwa ubavu wa kiganja, karibu na daraja la gitaa, sauti inakatikakatika. Kiitikio kikifika anainua kiganja. Hakuna kitufe kilichoguswa, lakini msikilizaji anaona ukuta umepanuka.

Upana ule wa magitaa unatokana na kupiga sehemu ileile mara mbili, rekodi moja kwenye spika ya kushoto, nyingine ya kulia. Wanaoanza hunakili rekodi moja na kuiweka pande zote mbili, kisha wanashangaa kwa nini gitaa limekaa katikati, limebanwa. Sikio linahitaji tofauti ndogondogo za mkono ili lione upana. Nakala haina tofauti. Kosa la pili ni kuongeza distoshini mpaka mwisho. Chumbani inapendeza, lakini zikirundikwa rekodi nne za namna hiyo, mapigo ya mkono hayasikiki tena, inabaki sauti ya nyuki. Mafundi hupunguza distoshini ya kila rekodi na kuacha wingi ufanye kazi. Nyuzi ziwe mpya, gitaa lirekebishwe sauti kabla ya kila rekodi, na atakayeteremsha uzi mnene kwa noti nzima aufunge mnene zaidi, la sivyo utalegea na kupanda sauti kila ukipigwa kwa nguvu.

Besi hupigwa kwa piki, kile kipande kidogo cha plastiki, imekwaruzwa kidogo. Kwa bendi yenye mpiga gitaa mmoja hili ni la lazima: gitaa likienda kupiga sauti ya juu katikati ya wimbo, besi ndiyo inayoshika sakafu. Jukwaani adui ni mwendo kasi. Damu ikichemka mpiga dramu anauanza wimbo wa 180 kwenye 195, na silabi zile zilizohesabiwa kwa taabu hazipati pa kukaa. Mwimbaji anaanza kumeza miisho ya maneno. Kliki, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, sikioni mwa mpiga dramu ndiyo dawa ya kawaida.

Nimekaa sana kwenye ufundi kwa kuwa ndio unaosahaulika. Njia ya sokoni yenyewe inajulikana zaidi, ila huandikwa bila mpangilio wake, na mpangilio ndio ulioleta matokeo.

Aliyewachukua Finley ni Claudio Cecchetto. Jina hili kwa Waitaliano halihitaji maelezo: aliianzisha Radio Deejay mwaka 1982, aliwatoa mwimbaji Jovanotti na kikundi cha 883 cha Pavia, alitangaza Sanremo miaka mitatu mfululizo kuanzia 1980. Ni mtu wa redio, na mtu wa redio anausikiliza wimbo kwa saa mkononi. Utangulizi usizidi sekunde chache, kwa sababu mtangazaji anaongea juu yake. Kiitikio kifike kabla ya dakika moja. Mwisho usififie taratibu, ukatike. Bendi iliyotoka kwenye panki haina shida na masharti hayo, nyimbo zake tayari ni fupi. Lebo, yaani kampuni ya rekodi, ilikuwa EMI. Singo ikatoka 2005, nyingine ikafuata 2006, kisha albamu mwaka huohuo. Bendi nyingi hutoa albamu kwanza na kuanza kuisaka redio baadaye, wakati duka limeshairudisha kwenye sanduku.

Baada ya redio ikaja runinga, na hapa bahati ya wakati ilikuwepo, sikatai. MTV Italia ilikuwa na TRL, kipindi cha kila siku tangu 1999 ambacho watazamaji walipiga kura kuchagua video. Msichana wa miaka 14 mwenye simu alikuwa na nguvu kuliko mkosoaji wa gazeti. Video ya namna hiyo ina kanuni zake: bendi ionekane ikipiga, kila mwanachama apate sura yake ya karibu ndani ya nusu dakika ya mwanzo ili mashabiki wagawane, na hadithi ieleweke hata sauti ikizimwa. Novemba 2006, kwenye tuzo za MTV za Ulaya kule Copenhagen, Finley wakatajwa kuwa wasanii bora wa Italia. Albamu ya pili, Adrenalina, ikatoka 2007. Nyuma yao mlango ukawa wazi: Lost wa jimbo la Vicenza, Melody Fall wa Torino, dARI wa Aosta ambao waliongeza vinanda vya kielektroniki. Ramani hiyo ina maana, maana hakuna hata mmoja aliyetoka Milano yenyewe. Ukiacha Torino, wote ni wa miji ya pembeni, ambako chumba cha mazoezi ni rahisi kupata na cha kufanya jioni ni kidogo.

Mwaka 2008 walikwenda Sanremo, tamasha la 58, upande wa wakubwa, na wimbo wa Ricordi. Ushindi ulikwenda kwa Giò Di Tonno na Lola Ponce. Upande wa vijana, ambako Melody Fall nao walikuwepo, walishinda ndugu wawili wa Verona, Sonohra. Kwa bendi ya gitaa, jukwaa la Ariston, ukumbi wa tamasha hilo, ni gumu kwa sababu za kiufundi kabisa. Wimbo lazima uwe mpya, na nyuma yako kuna okestra inayopiga moja kwa moja kwa kuongozwa na kondakta. Nafasi ambayo magitaa mawili yaliyorundikwa huijaza studioni sasa inagombewa na vinanda vya upinde, na fundi wa sauti wa runinga atampa kipaumbele mwimbaji, kisha okestra, kisha gitaa. Bendi iliyoshusha nyuzi nusu noti, kama wengi wanavyofanya kumsaidia mwimbaji, lazima imwambie mpangaji wa muziki mapema. Asipojua ataandika karatasi katika ufunguo ambao haupo, na mazoezi ya kwanza yatapotea. Ukiongeza kwamba ngoma za kasi haziachi nafasi kwa upinde kusikika, unaelewa kwa nini bendi hizi hupeleka Sanremo wimbo wa polepole, kisha mashabiki wao wanalalamika kwamba wamebadilika.

Kwa maoni yangu Sanremo ilikuja mahali pabaya kwa Finley. Iliwaleta wazazi kuwafahamu wakati watoto ndio waliokuwa wakinunua, na kijana wa miaka 15 hapendi kushirikiana bendi na mama yake. Kuna na hesabu isiyozuilika: shabiki aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2006 alikuwa na 20 mwaka 2012. TRL ilikuwa imeshafungwa mwaka 2010. EMI, sehemu yake ya rekodi, ikanunuliwa na Universal mwaka 2012. Bendi iliyokuwa imesimama juu ya nguzo hizo peke yake ingeanguka nazo. Finley walitoa albamu ya Fuoco e fiamme mwaka 2012 chini ya lebo yao wenyewe, Gruppo Randa, mpiga besi sasa akiwa Ivan Moro badala ya Ste, na wakaendelea. Armstrong ikafuata 2017. Ukumbi ulikuwa mdogo kuliko wa 2007, lakini ulikuwa wao.

Kilichowawezesha wengi wa aina yao kuendelea kwa miaka hiyo ya kimya ni karatasi ambayo hakuna ukurasa wa burudani unaoitaja: programu ya muziki, "borderò". Hadi mwaka 2017, SIAE, chama kilichoanzishwa 1882, ndicho pekee kilichoruhusiwa kisheria kukusanya haki za watunzi nchini Italia. Kila onyesho, hata la baa, mwandaaji analipia kibali, na bendi inajaza orodha ya nyimbo zilizopigwa pamoja na watunzi wake. Jina la wimbo likiandikwa tofauti na lilivyosajiliwa, au mtunzi mmoja akiachwa, pesa haimfikii mwenyewe. Vijana hujaza karatasi hiyo saa saba usiku wakiwa wamechoka, kwa mwandiko wa daktari, wanaandika vifupisho wanavyovijua wao tu. Kosa jingine ni la mwanzo kabisa: wimbo unasajiliwa kwa jina la mwimbaji peke yake kwa kuwa ndiye aliyeandika maneno, na miaka mitano baadaye mpiga gitaa aliyetunga sauti yote anagundua hana hata senti. Asilimia zigawanywe kabla ya singo ya kwanza, siku ambayo bado hakuna cha kugombania.

Siku hizi sauti hii imerudi. La Sad, watatu wenye nywele za rangi, walipanda jukwaa la Ariston Februari 2024 na Autodistruttivo, wakichanganya magitaa haya na uimbaji uliotoka kwenye trap, aina ya rap. Sikiliza miisho ya mistari yao: ujanja uleule wa silabi, isipokuwa sasa mashine ya kurekebisha sauti inawasaidia kuinyoosha vokali.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako atakapopewa tena habari ya bendi ya namna hii, kabla hajaandika sentensi ya kwanza aichukue albamu ya Finley ya 2006, avae kisikilizio cha sikio la kushoto tu na kusikiliza wimbo mmoja, kisha cha kulia tu, wimbo uleule. Atayasikia magitaa mawili yaliyopigwa mara mbili kwa mkono. Kisha asikilize kiitikio na kuandika kila mstari unaishia kwa silabi ya namna gani, yenye mkazo au dhaifu. Ni kazi ya nusu saa, na itampa aya mbili ambazo hazimo kwenye habari yoyote ya mashirika.

Wako,
Msomaji wa kurasa za muziki